Taa Zangu Mbili na Macho ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeshinda. Naandika haraka kabla ushindi haujapoa.

Daftari hili Shangazi alinipa la kuandikia vipimo vya wateja. Mbele viuno na mabega. Nyuma mimi. Shule niliachia darasa la tano, kwa hiyo nikikosea herufi humu ndani hakuna wa kunicheka.

Ushindi wenyewe ni taa. Duka letu la ushonaji ni refu kama soksi, mlango mbele, dirisha hakuna, na cherehani ya Shangazi iko mwisho kabisa kwenye kidole gumba. Miaka yote tumeshonea balbu moja ya njano. Ni kama kushona ndani ya chai. Jumamosi akapita mchuuzi kabeba taa ndefu nyeupe begani. Akasema hizi ukiziwasha hata aibu ya mtu inaonekana. Aibu mimi ninayo ya kutosha, lakini nikachukua mbili. Jana duka limefungwa nikazifunga mwenyewe, moja juu ya cherehani, moja juu ya meza ya kukatia. Umeme umenipiga mara moja tu.

Asubuhi Shangazi kaingia. Kasimama. Kashika kifua. Akasema kumbe ukuta wetu ni wa kijani! Akaniita fundi mbele ya mteja. Fundi! Kisha akasema hata Bwana Picha hana taa kama hizi.

Bwana Picha ni jirani wa kushoto, mwenye duka la kupiga picha. Amesoma. Anavaa tai hata jua likiwaka. Nilikuja kwa Shangazi nina miaka saba, na tangu siku hiyo naambiwa mtazame mwenzio Bwana Picha. Nimemtazama miaka kumi na sita. Sasa zamu yake.

Mchana nikaongeza pambo. Gurudumu la cherehani nimelipaka matone manne meupe, yamepangana vizuri. Lengo langu liko wazi: mwaka usiishe kabla kibao cha mlangoni hakijaandikwa Shangazi na Mwenzake. Mwenzake ni mimi.

Jumatano, 5 Machi

Shangazi kichwa kinamuuma. Kumbe jana pia, ila hakusema. Anasema ni kama kuna mtu anampigilia msumari katikati ya nyusi. Machozi yanatoka bila kilio.

Nimeshajua sababu. Moshi wa pasi ya mkaa. Mimi ni mtu wa kuchunguza. Nikaitoa pasi nje, nikawa nanyooshea kibarazani. Upepo ukaja. Majivu yote kwenye shati jeupe la kinyozi, jirani wa kulia. Kinyozi akasema shati lake limeota ndevu, na yeye ndevu hunyoa kwa malipo. Nimelifua mara mbili. Bado lina kivuli cha ndevu.

Kichwa cha Shangazi hakijapona. Labda moshi wa jana bado umo ndani.

Lakini leo nimegundua jambo kubwa juu yangu. Nilikuwa nacheza na chaki ya kukatia, naipunga hewani chini ya taa mpya. Nikaona chaki sita! Zimepangana kama vidole, kila moja na nafasi yake. Nikapunga tena. Sita. Nikapunga kwa nguvu. Saba! Kwenye balbu ya njano sijawahi kuona kitu hiki. Maana yake macho yangu ni makali kupita ya watu, yalikuwa yanakosa mwanga tu.

Sijamwambia mtu. Kipaji hakitangazwi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Saa nne Shangazi alikuwa anashona suruali za sare, kakanyaga mota mpaka ile kasi anayoipenda. Ghafla akaacha kuimba. (Huimba wimbo mmoja siku zote, na maneno yake anajua nusu.) Akaniita kwa sauti ndogo. Akaniambia baba, hebu tazama gurudumu. Linazunguka?

Nikatazama. Salaale! Gurudumu limesimama. Matone manne yametulia kama mayai kwenye sahani. Na nguo inakwenda! Sindano inapiga tatatata, mota inanguruma, suruali inatokea upande wa pili, na gurudumu halina habari. Akapunguza kasi kidogo. Matone yakaanza kurudi nyuma, polepole, kama watu waliosahau kitu nyumbani.

Nikafikiri haraka. Mimi nikifikiri haraka huwa sifikiri vizuri. Nikisema nami nimeona, basi sote wawili tumeharibika, na nani atampa mtu aliyeharibika kitambaa chake akikate? Na kipaji changu je? Halafu kumkubalia mtu mzima kwamba gurudumu lake linarudi kinyumenyume ni kumtia hofu ya bure. Nikamwambia linazunguka, Shangazi. Kama kawaida yake.

Akasema ahaa.

Hakuimba tena mpaka tunafunga. Nadhani nimefanya vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Sikufanya vizuri.

Shangazi kanikalisha kwenye kiti cha wateja. Hapo hukaliwa na watu wanaolipa tu, kwa hiyo nikajua mambo ni mazito. Akanisimulia habari za mzee aliyemfundisha kushona. Macho ya mzee yalianza kumdanganya na mwenyewe hana habari. Wanafunzi wakamstahi. Anachokosea wakawa wanakifumua kwa siri na kukishona upya. Mpaka siku alipomvalisha bwana harusi koti lenye mikono miwili ya kushoto, mbele ya ukumbi mzima. Watu walicheka mpaka viti vikaanguka. Mzee hakugusa sindano tena, na wale wanafunzi hakusema nao tena. Shangazi aliapa siku ile: macho yakimdanganya, ataweka sindano chini mwenyewe, hangoji ukumbi.

Sasa anasema yamemdanganya. Gurudumu kaliona limesimama, na mimi mwenye macho mazima nikamwambia linazunguka. Na jana likasimama mara tatu.

Kampigia simu binamu yangu, binti yake, anayekaa mji mwingine. Binamu mwaka mzima anamwomba mama yake akapumzike kwake. Atakuja na gari Jumapili ijayo, tarehe 16. Cherehani itachukuliwa na fundi wa mtaa wa pili. Nikauliza na mimi je. Akasema fundi wa mtaa wa pili ana nafasi ya mtu wa vifungo.

Vifungo! Lakini si vifungo vinavyoniuma. Shangazi bila sindano ni nani? Mwanamke huyu hata akiongea na simu vidole vyake vinakunja upindo wa nguo aliyovaa. Atakwenda kukaa kwenye kochi la watu apinde nini?

Nikaweka mpango. Miwani. Nikaazima tatu: ya kinyozi, ya mke wa kinyozi, na moja ya jua. Zote kazivaa, maskini, kwa ajili yangu. Kwa ya kwanza gurudumu limesimama. Kwa ya pili limesimama na limekuwa kubwa. Kwa ya jua limesimama gizani. Nikamwuliza kama kuna afadhali yoyote. Akasema afadhali ipo, nikivaa hii ya jua sikuoni ulivyonuna.

Jumatatu, 10 Machi

Zimebaki siku sita. Mpango mpya, na huu ni mzuri.

Wateja wakimiminika, Shangazi ataona haya kuwaacha. Na wateja siku hizi huitwa kwa video. Simu yangu ni ya vitufe, inapiga na kumulika, basi. Mwenye simu ya maana ni Bwana Picha. Nikapita mlangoni kwake mara nne. Mara ya tano nikasalimia ukuta. Mwishowe akatoka mwenyewe, akaniuliza mdogo wangu, unapima kiwanja?

Nikamweleza. Akakubali papo hapo, bila hata kunisumbua. Mtu wa ajabu.

Shangazi alikuwa ametoka kupeleka gauni la mteja. Nikakaa kwenye cherehani, nikakanyaga mota, nikaweka uso wa fundi. Feni juu inazunguka. Bwana Picha akapiga video huku na huku. Kisha tukaitazama.

Aibu! Michirizi myeusi inapanda ukutani, mmoja baada ya mwingine, kama kuna watu wasioonekana wanapandisha mapazia. Feni inazunguka kinyumenyume. Gurudumu limesimama. Kwenye duka lote ni mimi peke yangu niliyekuwa naelekea mbele.

Nikamwambia simu yako mbovu. Akasema simu haina neno, mdogo wangu, taa zako ndizo zinazopepesa. Nikamwambia nimekaa nazo wiki nzima hazijapepesa hata mara moja. Kimoyomoyo nikamwambia mwenye wivu ajinyonge. Akachomoa penseli sikioni, akaniambia haya, ipunge hii, unaona ngapi?

Nikaona ndiyo nafasi ya kutangaza kipaji. Nikasema sita!

Akasema unaona sasa? Nikasema naona, ndiyo, sita. Akasema chini ya taa nzuri mtu huona ukungu mmoja tu. Akaondoka na tai yake.

Watu wengine hawawezi kuvumilia macho ya mwenzao.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda nyuma ya duka na chaki, juani, mtu asinione. Nikaipunga. Ukungu mmoja mweupe. Nikapunga mpaka bega likalia. Ukungu. Nikarudi ndani: sita. Nje: ukungu. Ndani: saba. Kumbe kinyozi alikuwa ananitazama muda wote. Akaniuliza namuaga nani.

Kwa hiyo kipaji si changu. Ni cha taa.

Nikaenda kwa Bwana Picha kichwa chini. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akafungua video kwenye mashine yake, akaisimamisha, akaivuta hatua moja moja. Kumbe hakuna kinachotembea mle! Ni picha zilizoganda, ishirini na tano katika sekunde moja, na jicho ndilo linaloziunga. Zikiwa chache, mtu anaruka kama panzi. Zikiwa nyingi, anateleza. Na taa zangu ni vilevile. Zinawaka, zinazima, zinawaka, zinazima, mara mia kwa sekunde, kwa sababu ni za bei ya kutupa na ndani hazina kitu cha kuutuliza umeme. Hatuoni zinapozima, lakini macho yanahangaika. Na tone la gurudumu likiwa linafika palepale kila taa inapowaka, utaapa halijaondoka. Akaendelea na namba nyingine. Nikabaki natikisa kichwa kama mjusi.

Nilikuja kuelewa baadaye, nikiwa napinda suruali. Mshono! Uzi unatokea juu, unazama chini, unatokea, unazama. Ukiwa mbali ni mstari mmoja. Ukisogea ni nukta na mapengo. Video ni mshono. Taa yangu ni mshono. Na jicho la Shangazi ndilo fundi. Kutwa linaziba mapengo ya taa, na hapohapo linashona suruali za watu. Kazi mbili, mshahara hakuna. Kichwa kitaacha kuuma?

Nikakaa chini kwenye vipande vya vitambaa.

Macho ya Shangazi ni mazima. Aliyemuumiza ni mimi. Aliyemwambia linazunguka ni mimi.

Kesho nitamwambia.

Alhamisi, 13 Machi

Sijamwambia. Jana nilifungua mdomo mara tisa. Mara nane kikatoka kikohozi. Ya tisa nikamwuliza kama anataka maji. Akanywa glasi nzima, hakuwa na kiu, alinywa kunifurahisha.

Lakini kwani lazima aambiwe? Jambo si linaweza kurekebishwa kimyakimya? Akili yangu ikanituma hivi: taa inazima katikati, basi iongezwe nyingine ya kujaza pengo. Mbili zikisinzia, ya tatu iko macho, kama walinzi wa zamu. Nikamsaka mchuuzi mpaka nikampata. Akanipa ya tatu, akasema ni ndugu yao, tumbo moja.

Kumbe hao ndugu hulala pamoja na huamka pamoja. Umeme wenyewe ni mmoja, kwa hiyo zote zinapepesa kwa mpigo, kama zimepigiwa filimbi. Chaki sasa haziko sita tu, zimekuwa na ncha kali kama visu. Shangazi kajifunga kitambaa kichwani, anashonea jicho moja.

Na kaanza kufungasha. Bobini za uzi kwenye kopo. Sindano kwenye kipande cha sifongo. Mkasi wake mkubwa kauviringisha kwenye taulo taratibu, kama anamfunga mtoto aliyetoka kuoga. Nikatoka nje kidogo. Vumbi liliniingia machoni.

Bwana Picha akaniona. Akauliza umemwambia? Nikasema bado natafuta maneno. Akasema maneno ni matano tu: Shangazi, ni taa zangu, samahani.

Nikahesabu kwa vidole. Kweli ni matano. Kasoma huyu.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika vidole vinauma na makalio yanauma. Nieleze kwa mpangilio.

Mpango ulikuwa mzuri. Nizitoe taa kabla Shangazi hajafika, nirudishe balbu ya njano, mwenyewe aone macho yamepona. Hakuna wa kulaumiwa, hakuna wa kusema lolote. Nikafika mapema, nikapanda meza, nikafungua zote tatu, nikazificha chini ya vipande vya vitambaa. Ndipo nikakumbuka kwamba balbu ya njano nilimpa kinyozi. Kaifunga bandani, inawapa joto vifaranga wake.

Nikaenda. Vifaranga kumi na moja wakainua vichwa wakanitazama. Nikaishika balbu. Ilikuwa ya moto. Nikaiachia. Ikapasuka. Vifaranga walisema maneno ambayo sitayaandika. Nikarudi dukani mikono mitupu, vidole viwili mdomoni.

Shangazi alikuwa ameshafika.

Alikuwa kwenye kiti chake kule mwisho, gizani, ametoka kwenye jua kali la asubuhi. Nikasikia swichi. Ta. Ta. Ta. Anaibonyeza, anangoja, anaibonyeza. Kisha akauliza bila kugeuka, maana hatua zangu anazijua. Akauliza baba, taa inawaka?

Hakupaza sauti. Aliuliza vile anavyoniuliza kama nimekula. Lakini mkono wake ulikuwa unaipapasa cherehani, gurudumu, shingo, mguu wa sindano, kama mtu anayemshika mgonjwa.

Haki ya Mungu, nilitaka kusema inawaka. Ulimi ulishafika kwenye meno. Sijui kwa nini. Mazoea.

Halafu nikamwona anafumba macho, anayafumbua. Anafumba. Anafumbua. Anajaribu.

Nikasema haiwaki, Shangazi. Nimezitoa. Ni taa zangu, samahani. Yale maneno matano yakatoka na jamaa zao wote. Nikamwambia gurudumu nililiona limesimama tangu siku ya kwanza, na lilivyorudi nyuma nililiona. Nikamwambia habari ya mshono, na mapengo, na jicho linalofanya kazi mbili bila mshahara. Nikamwambia kwamba video ni picha zilizoganda na hakuna mtu anayetembea mle. Nikamwambia taa ya tatu nimeiweka mimi na si mchuuzi aliyenilazimisha. Nadhani nilimwambia hata habari ya vifaranga. Sijawahi kuongea hivyo maisha yangu yote. Nilipomaliza nilikuwa nahema kama nimepanda kilima.

Akainuka, akaishika cherehani. Kisha akasema shika upande wa pili.

Tukaibeba cherehani mpaka kibarazani, tukavuta waya. Akakaa, akakanyaga. Kwenye jua matone manne yakawa pete moja nyeupe, inazunguka, haisimami, hairudi. Akapunguza kasi. Inazunguka. Akaongeza. Inazunguka. Akachukua sindano ya mkono na uzi mweusi, akatunga. Mara moja! Kinyozi akapiga makofi, hajui anapigia nini. Shangazi akaitazama ile sindano muda mrefu, kaishika juu, uzi unaning'inia.

Halafu akachukua rula ya mbao. Nikatoa kiganja. Hakutaka kiganja. Alinigeuza akanichapa makalio, mimi mtu mzima wa miaka ishirini na tatu, mbele ya kinyozi na mteja wake mwenye povu nusu ya uso. Akasema hii si ya taa. Taa ni kitu, kinanunuliwa kinatupwa. Hii ni ya linazunguka. Akasema wiki nzima amekuwa akiyazika macho yake, na mtu anayejua kwamba yako hai amekaa pembeni anampa maji.

Akalia. Nami nikalia, lakini mimi nilikuwa na sababu mbili. Kisha akaanza kucheka huku analia, akasema mzee wake aliaibishwa na koti, yeye angeaibishwa na matone ya rangi. Akafuta uso kwa suruali ya mteja.

Halafu akaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 16 Machi

Jumapili huwa hatufungui, ila sare zimechelewa. Binamu kaja na gari, na godoro jipya limefungwa juu. Kamkuta mama yake kibarazani, suruali ya kumi na nne, anaimba ile nusu ya wimbo. Akaniuliza umemfanya nini mama? Nikasema nimetoa taa. Akauliza na nani aliyeziweka? Nikaenda kuchemsha maji ya chai.

Walibishana kidogo, mama na mwana. Binamu akasema mama, umri. Shangazi akamtungia sindano tatu mfululizo, za ukubwa tofauti, akampa ashike. Binamu akazihesabu, akazirudisha. Kaondoka na godoro lake, na gauni lililopunguzwa kiuno papo hapo, na ahadi kwamba mama yake atakwenda kumtembelea. Kutembea, si kuhamia. Alipokuwa ananiaga alinibana shavu kwa nguvu zaidi kidogo kuliko desturi.

Fundi wa mtaa wa pili alifika na mkokoteni. Akarudi na mkokoteni. Akasema mengi njiani.

Bwana Picha kaleta balbu mbili za njano, zawadi, na kwanza kazipima kwa simu yake kuhakikisha video haina michirizi. Shangazi akaniambia si unamwona mwenzio? Nikasema namwona. Leo nimemwona kwa moyo mweupe, isipokuwa ile tai.

Jioni Shangazi kafungua taulo, katoa mkasi wake mkubwa, kanishikisha. Sisi mafundi hicho ndicho kiapo chetu. Akasema apa. Ukiona kitu, utasema ulichokiona, hata kikiwa kibaya, hata ukidhani nitaumia. Nikaapa. Kila neno nililimaanisha. Nahisi kabisa nimekuwa mtu mwingine, hata mabega yamekaa tofauti.

Jumanne, 18 Machi

Mtu aliyebadilika huonyesha kwa vitendo. Tivii yetu ya nyumbani ilikufa mwaka jana, na tangu hapo Shangazi mchezo wake wa jioni anasimuliwa tu na wateja, tena kila mteja na mwisho wake. Nikaona hiyo ndiyo zawadi ya kumwombea radhi. Kinyozi alikuwa na tivii ya zamani, ile yenye mgongo, kaiweka stoo. Tumebadilishana. Yeye kachukua taa zangu tatu. Aliniuliza kama zina ubovu. Nikamwambia ubovu hazina, zina tabia.

Kazifunga zote juu ya kiti cha kunyolea. Kafurahi mno. Anasema sasa wembe wake anauona mara sita.

Jioni nimeiweka tivii mezani nyumbani, nikaifunika kitambaa, Shangazi alipokaa nikaifunua. Alipiga ukelele wa furaha mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Akavuta kiti karibu. Mchezo ukaanza.

Picha ilikuwa inatetemeka kidogo. Nisidanganye daftari, haikuwa kidogo. Daktari wa kwenye mchezo alikuwa na vichwa viwili, kimoja kinakimbiza kingine, na kila alipotaka kutoa majibu ya mgonjwa alipanda juu ya kioo akapotea, miguu yake ikabaki hewani, kichwa kikatokea chini. Shangazi akakunja nyusi. Akasugua jicho moja, akasugua la pili. Akanigeukia. Akaniuliza taratibu, baba, hii picha inacheza, au ni mimi?

Nikamtazama. Mikono kaiweka magotini, kavaa gauni la kutokea, kwa ajili ya tivii.

Nikamwambia imetulia, Shangazi. Kama maji mtungini.

Kile kiapo nadhani kilikuwa cha mambo ya dukani. Hapa ni nyumbani.